Uso wa Mtu Asaliye

Hakuna mtu aliyepata kuuona uso wake kwa macho yake mwenyewe. Macho hutazama nje. Kioo na maji humwonyesha mtu mfano wake tu. Kwa hiyo uso ni mali ambayo mwenyewe huibeba na wengine huitazama. Nao uso wa mtu si mmoja. Upo uso tuuvaao sokoni, upo uso tuuvaao mbele ya wakubwa, na upo ule ambao mtu huwa nao akisha kufunga mlango na kupiga magoti mbele ya Mungu wake. Huo wa mwisho ni wa siri kuliko zote. Walakini, msomaji, ilikuwako nchi moja na zama moja ambapo watu waliwaita wachoraji wakawaomba wawachore wakiwa na uso huo huo wa siri. Katika insha hii nataka tuzitazame pamoja picha chache za nchi hiyo, na tukizitazama tujiulize swali moja: sala ikichorwa ili ionekane, hubaki kuwa sala, ama hugeuka kuwa riya?

Nchi yenyewe ni Flanders, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Ubelgiji. Katika karne ya 15 ilikuwa chini ya watawala wa Burgundy, ukoo ambao mali na fahari yake vilishindana na vya wafalme. Miji ya Gent na Brugge ilikuwa imetajirika kwa ufumaji wa nguo za sufu na kwa biashara ya bahari. Waitalia, Wahispania, Wajerumani na Waingereza walikutana Brugge wakinunua na kuuza. Penye wanunuzi hapakosi mafundi. Huko alikaa Jan van Eyck, aliyekuwa mchoraji wa mtawala Philip tangu mwaka 1425, akafa Brugge mwaka 1441. Katika mji wa Brussels alifanya kazi Rogier van der Weyden, mzaliwa wa Tournai, aliyefariki mwaka 1464. Na mwaka 1465 aliandikwa kuwa raia wa Brugge mgeni kutoka Ujerumani, jina lake Hans Memling, ambaye alikaa katika mji huo mpaka kufa kwake mwaka 1494. Watatu hawa ndio watakaotuongoza.

Yafaa kwanza kujua kwa nini picha za watu wasalio zilitakiwa. Karibu miaka mia moja kabla ya Memling, mhubiri mmoja wa mji wa Deventer, Geert Groote, aliwafundisha watu wa nchi hizo kwamba ibada si kazi ya padre peke yake. Kila mtu, hata mwenye duka na mwenye nyumba, alitakiwa kusali faraghani na kuyatafakari maisha ya Yesu moyoni mwake kana kwamba yanatendeka mbele ya macho yake. Groote alifariki mwaka 1384, lakini mafundisho yake yalienea. Mtu aliyetaka kutafakari hivyo alisaidiwa na kitabu cha sala, na mwenye uwezo alisaidiwa na picha. Aghalabu picha hiyo ilikuwa mbao mbili ndogo zilizounganishwa kwa bawaba. Upande mmoja alichorwa Bikira Maria na Mtoto. Upande wa pili alichorwa mwenye picha, mikono yake imekutanishwa kwa sala. Ilifungwa kama kitabu na kufunguliwa kama kitabu. Ilipofunguliwa, mtu alijiona amesimama mbele ya yule amwombaye. Na alipokufa, picha iliendelea kusali kwa niaba yake, ikiwakumbusha walio hai wamwombee.

Usione vyaelea, vimeundwa. Picha hizo zilichorwa juu ya mbao za mwaloni zilizokauka vyema. Ubao ulipakwa chokaa laini iliyochanganywa na gundi, ukasuguliwa mpaka ukawa mweupe na laini. Kisha mchoraji alichora mistari ya sura, na juu yake akapaka rangi zilizosagwa katika mafuta ya mbegu za kitani, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Mwanga ulipita katika tabaka hizo, ukagonga weupe wa chini, ukarudi machoni. Ndiyo sababu rangi zao zang'aa kama kwamba taa imewashwa ndani ya ubao. Buluu ya thamani kubwa ilisagwa kutokana na jiwe lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, nchi ya Afghanistan, likasafirishwa mkono kwa mkono mpaka Ulaya. Kwa mafuta hayo mchoraji aliweza kuonyesha unywele mmoja, uzi mmoja wa nguo, na tone la mwanga katika jicho. Aliweza pia kuonyesha mkunjo wa ngozi na mshipa uliovimba. Likumbuke jambo hili la mwisho, kwa maana tutalirudia.

Sasa nikueleze kwa nini swali la riya lanihusu mimi. Nilikulia katika nyumba ambayo kuta zake hazikuwa na picha. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na alishika kwa nguvu ile amri ikatazayo sanamu. Alisema kwamba mtu akisali hana haja ya kuonekana, na kwamba atakaye kuonekana amekwisha pata malipo yake. Nilipokwenda chuo cha ualimu nilikuta katika maktaba kitabu kikuukuu cha picha za Flanders, nikakifungua kwa shaka. Niliona matajiri wamevaa manyoya na dhahabu, wamepiga magoti mbele ya Bikira, nao wamelipa fedha ili wachorwe hivyo. Nilimsikia baba yangu akisema sikioni mwangu. Na baba yangu hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Mwaka 1566, katika nchi hiyo hiyo ya Flanders, makundi ya watu waliochukia sanamu yaliingia makanisani yakavunja na kuchoma. Picha kubwa ya madhabahu ya Gent, iliyokamilishwa na Jan van Eyck mwaka 1432, iliokoka kwa sababu walinzi waliificha katika mnara wa kanisa. Katika picha hiyo pia wamo mume na mke waliolipia, Joos Vijd na Elisabeth Borluut, wamepiga magoti.

Basi tuwaite mashahidi, tumsikilize kila mmoja.

Shahidi wa kwanza ni kijana. Jina lake Maarten van Nieuwenhove, mzaliwa wa ukoo wa heshima katika Brugge. Mwaka 1487 Hans Memling alimchora katika mbao mbili, na juu ya fremu yameandikwa kwa Kilatini jina la kijana, mwaka wa kazi, na umri wake wa miaka 23. Picha hiyo ingali Brugge, katika nyumba ya kale ya hospitali ya Mtakatifu Yohane ambayo sasa ni makumbusho. Maarten amevaa vazi la gharama, na nyuma ya Bikira imechorwa nembo ya ukoo wake. Mpaka hapo mwenye kushuku ataona majivuno tu. Lakini tazama tena. Kitabu chake cha sala kimelala juu ya upindo wa vazi jekundu la Maria, ambalo limevuka kutoka ubao wake likaingia ubao wa kijana. Nyuma yake, katika dirisha la vioo vya rangi, yuko Mtakatifu Martin, mwenye jina kama lake, akilikata joho lake amgawie maskini. Tena nyuma ya bega la Maria kimetundikwa kioo cha mviringo, na ndani ya kioo hicho waonekana wote wawili: Maria kwa mgongo, na Maarten kwa ubavu amepiga magoti karibu naye. Mbao ni mbili, bali kioo chashuhudia kwamba chumba ni kimoja.

Fikiri maana ya jambo hili kwa kijana wa miaka 23 aliyekuwa na mali, jina, na njia nyeupe mbele yake. Kila alipoifungua picha yake aliambiwa kwamba Bikira hakai mbali, yumo chumbani. Na aliambiwa na dirisha lake mwenyewe kwamba mwenye joho sharti alikate. Baadaye Maarten alikuwa meya wa Brugge, akafa mwaka 1500, hajafika miaka 40. Sisi hatumhukumu kwamba aliligawa joho lake ama hakuligawa. Twasema tu kwamba alikubali kujiwekea deni juu ya ukuta wake. Ajionyeshaye kwa riya huchora malipo. Kijana huyu alichorewa deni.

Shahidi wa pili ni mzito zaidi. Ni Nicolas Rolin, aliyekuwa waziri mkuu wa mtawala wa Burgundy tangu mwaka 1422, mtu mwerevu, mkali, na tajiri wa kutisha. Yapata mwaka 1435 Jan van Eyck alimchora kwa ajili ya kanisa la mji wake wa Autun. Picha hiyo sasa iko Paris, katika makumbusho ya Louvre. Rolin amepiga magoti katika ukumbi wa matao, amevaa vazi la nakshi za dhahabu lenye manyoya. Mbele yake ameketi Bikira, na Mtoto ameinua mkono ambariki. Hakuna mtakatifu aliyemshika bega kumjulisha, kama ilivyokuwa desturi katika picha nyingi; waziri amejileta mwenyewe. Katikati yao, nje ya matao, mto watiririka, na watu wadogo kama sisimizi wavuka daraja. Uso wa Rolin ni mgumu. Hausihi wala haulii. Ni uso wa mtu aliyezoea kuketi mezani na kupatana masharti.

Lakini wataalamu walipoichunguza picha hiyo kwa miale isiyoonekana kwa macho, walikuta jambo chini ya rangi. Katika mistari ya kwanza, Jan van Eyck alikuwa amechora mkoba mkubwa wa fedha ukining'inia kiunoni mwa Rolin. Rangi zilipopakwa, mkoba uliachwa. Nani aliyeamuru uachwe? Yamkini ni mchoraji, yamkini ni waziri mwenyewe. Kwa vyovyote, mmoja wao alitambua kwamba mtu haendi mbele ya Mungu na mkoba wake. Mwenye kushuku atasema kwamba huo ndio unafiki mtupu: mkoba ulifichwa, haukutolewa. Nami nilikaribia kukubali. Kisha nikasoma kwamba mwaka 1443 Rolin na mkewe Guigone de Salins walianzisha katika mji wa Beaune hospitali ya maskini, wakaipa mali ya kuiendesha. Wapo waliosema kwa kejeli kwamba ilikuwa haki aliyewafukarisha watu wengi awajengee pa kulala. Hata hivyo hospitali hiyo iliwapokea wagonjwa katika majengo yake ya kale mpaka mwaka 1971. Wagonjwa wa zaidi ya miaka mia tano hawakuulizwa kama moyo wa mwenye kujenga ulikuwa safi. Rolin hanipi jibu jepesi, msomaji, wala mimi sikupi wewe. Mtu mmoja aweza kuwa na sala na majivuno katika magoti yale yale.

Shahidi wa tatu ndiye aliyenigeuza. Ni padre mzee, Joris van der Paele, kanoni wa kanisa la Mtakatifu Donatianus katika Brugge. Ujanani alitumika Roma katika ofisi za Papa, kisha akarudi kwao. Mwaka 1434, akiwa mgonjwa, alitoa mali ili misa zisomwe kanisani, na akamwagiza Jan van Eyck picha. Maandishi ya fremu yasema kwamba kazi ilikamilika mwaka 1436. Kanisa lenyewe lilibomolewa mwishoni mwa karne ya 18, bali picha ilisalimika, nayo yatazamwa mjini humo katika makumbusho ya Groeninge. Bikira ameketi katikati. Kushoto kwa mtazamaji yuko Mtakatifu Donatianus katika vazi la buluu na dhahabu. Kulia yuko Mtakatifu George katika deraya inayometameta, ameinua kofia yake ya chuma kwa adabu na kunyosha mkono, kama asemaye, "Huyu hapa ndiye wangu." Na huyo wake ni mzee mnene aliyepiga magoti katika vazi jeupe, kitabu mkononi, na miwani ameivua.

Ewe msomaji, utazame uso huo. Mashavu yamelegea. Paji limejaa mikunjo. Mishipa ya kichwa kando ya sikio imetuna. Ngozi ni ya mtu asiyelala vizuri. Madaktari wa siku zetu wameusoma uso huo kama wasomavyo mgonjwa aliyeketi mbele yao, wakataja ugonjwa wa mishipa ya damu ya kichwa ambao huenda ndio uliomtesa. Fikiri: zaidi ya miaka 500 imepita, na mchoraji amemwandikia daktari maelezo ya kutosha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kanoni huyu hakuficha. Alikuwa na fedha za kununua uso mwingine, na mchoraji alikuwa na ustadi wa kumpa. Karibu naye yuko mtakatifu kijana mwenye mashavu laini. Ingekuwa rahisi kumwazima mzee kidogo cha ulaini huo. Hakuazimwa. Mbele ya Bikira, mbele ya watakatifu wawili, na mbele ya macho ya mji mzima, alipiga magoti na mishipa yake.

Maana ya jambo hilo niliielewa kwa njia ya huzuni. Baba yangu alipofariki tulitafuta picha ya kuweka katika kijitabu cha mazishi. Mtu ambaye hakupenda picha huacha chache. Tulipata moja tu, ile ya kitambulisho. Ndugu zangu waliipeleka mjini ikuzwe. Mpiga picha, kwa nia njema, aliisafisha: akaondoa mikunjo, akayatia macho mwanga, akalifuta kovu la shavuni ambalo baba alilipata kwa jembe zamani. Ilikuwa picha nzuri. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, huyu ni nani? Mimi nimezeeka na mume wangu. Huyu hakuzeeka na mtu." Kisha akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Tulichapisha ile ndogo ya kitambulisho kama ilivyokuwa, na kila aliyekuja mazishini alimtambua.

Maneno ya mama yalinifungulia picha ya kanoni. Kusafisha uso wa mtu ni kumwondolea miaka aliyoishi. Na mtu akisali, apeleke nini mbele ya Mungu ila miaka aliyoishi? Riya haiko katika kuonekana. Riya iko katika kuonekana na uso usio wako. Baba yangu aliogopa sanamu kwa sababu ilimdanganya mtazamaji. Naamini kwamba angaliuona uso wa van der Paele, angalisita kidogo kabla ya kuulaumu. Ndani yake hapana uongo wa kuogopwa. Ni mzee mgonjwa aliyeivua miwani yake kwa sababu akitazamacho sasa hakisomwi kwa miwani, na aliyekubali kwamba Mtazamaji wake hadanganyiki. Kwa hiyo naijibu swali langu hivi: sala iliyochorwa hubaki sala maadamu uso uliochorwa ni wa kweli. Ukiwa wa bandia, hata chumbani gizani, peke yako, mlango umefungwa, hiyo ni riya.

Kabla ya kuagana nikutajie picha moja zaidi, kwa kuwa yafundisha kwa kukosa kwake. Yapata mwaka 1460 Rogier van der Weyden alimchora Philippe de Croÿ, mtu wa baraza la Burgundy, mikono yake myembamba imekutana kwa sala na tasbihi. Ubao huo uko Antwerp, Ubelgiji. Bikira ambaye wataalamu wanaamini kwamba alikuwa ubao wake wa pili yuko San Marino, katika California, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Bawaba zilikatika, mbao zikauzwa mbali mbali. Philippe aendelea kusali kuelekea mahali patupu. Mtu anayemwona peke yake humdhania kijana mwenye kiburi aliyejipendelea, kumbe macho yake yalikuwa na mahali pa kwenda. Tujihadhari tusimhukumu mtu kwa nusu ya picha yake.

Huenda hutafika Brugge, kama mimi nisivyofika. Picha hizi hupatikana katika vitabu, na siku hizi hata katika simu. Ukiipata moja, usiipite haraka. Anza kwa nguo na dhahabu, kwa kuwa macho hupenda kuanza hapo. Kisha nenda kwenye mikono, uone kama imekazwa ama imelegea. Mwisho fika usoni, ukae hapo kitambo. Hesabu mikunjo. Tafuta mshipa. Jiulize mtu huyu alikuwa na hofu gani, na alitumaini nini, hata akataka ajulikane hivi alivyo. Ukiweza kufanya hivyo kwa mzee wa Flanders aliyekufa zamani, ambaye hakukujua wala hakuijua nchi yako, utakuwa umejizoeza kufanya hivyo kwa wazee wa nyumbani kwako, ambao nyuso zao ziko mbele yako kila siku na hazijachorwa na mtu.